Banda la Sponji

Katika nyumba ya Fundi Sponji huwezi kukaa mahali ukaumia. Jaribu uone. Kigoda cha jikoni kimevishwa sponji na kitambaa cha maua. Ngazi ya mlango wa nyuma, ile wanayoikalia watu wakifunga viatu, ina mto uliopigiliwa misumari yenye vichwa vya kung'aa. Hata kile kistuli cha bafuni, ambacho mtu mwingine yeyote angekiacha ubao mtupu, nacho kilivalishwa. Kikanywa maji, kikatolewa juani, kikakaa huko wiki nzima kikichuruzika kama mbuzi aliyenyeshewa. Mwishowe mkewe alikifumua mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

"Bwana wee," alimwambia, "kuna vitu Mungu alitaka viwe vigumu."

Fundi alikubali kwa mdomo tu. Mikono yake haikukubali. Mikono ile imeshona makochi tangu alipokuwa kijana mwembamba wa kutumwa gundi, na ikiona ubao mtupu inawashwa. Karakana yake ipo mbele ya nyumba, ukuta mmoja na kibanda cha kinyozi, na ukipita asubuhi utamkuta ana misumari midogo mdomoni kama mtu anayekula karanga. Anaisogeza kwa ulimi mmoja mmoja, anaichomoa, anaipigilia, na huku anapiga soga! Watu huuliza kama hajawahi kumeza hata mmoja. Yeye hujibu kwamba alimeza, na ndiyo sababu hapendi ugomvi, maana akikasirika tumbo linamchoma. Kisha anaangua kicheko, na misumari haidondoki.

Kochi likiisha halitoki mpaka alipime. Kipimo chenyewe ni yeye. Anakaa, anafumba macho, anashusha pumzi mpaka mabega yanalala. Akifumbua macho polepole, kochi limefaulu. Akiyafumbua ghafla, hapo hapo anachukua koleo na kusema neno moja: "Fumua."

Basi mwaka huo mama mkwe wake alikuja kutibiwa jicho. Alikuwa anaishi peke yake, mbali, na jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu hata akawa anaisalimia nguzo akidhani ni jirani. Mke wa fundi ni karani wa zahanati, akampangia daktari. Jicho likapasuliwa, likafungwa, na bandeji ilipotolewa kitu cha kwanza alichokiona sawasawa mama yule kilikuwa uso wa mkwe wake.

"Kumbe una mvi zote hizo?" akasema. "Na mimi nilikuwa namwambia kila mtu binti yangu ameolewa na kijana!"

Fundi alicheka mpaka muuguzi akamtoa nje.

Sasa hapa kuna jambo la kulijua, la sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alihangaika vile. Fundi Sponji hakulelewa na mama. Alilelewa na shangazi, halafu shangazi mwingine, halafu mke wa mjomba, kila nyumba miaka kidogo, na wote waliitwa kwa vyeo vyao. Neno "mama" alianza kulitumia siku aliyopeleka posa, mama huyu alipomtazama viatu vyake vya kuazima, akasogeza kiti, akamwambia, "Niite mama, tusizungushane." Fundi alikuwa na ndevu tayari. Tangu siku hiyo hajalichoka.

Na mama huyo kumbe alikuwa msikilizaji wa ajabu. Mkewe, kwa kusikia watu siku nzima dirishani pale zahanati, akirudi jioni anataka kimya. Lakini mama mkwe! Kila alasiri fundi alifunga karakana kidogo, akamletea chai, akamsimulia habari za wateja: yule aliyeagiza kochi la watu watatu akasahau kwamba mlango wake ni wa mtu mmoja, yule mwalimu mkuu aliyetaka kiti kisichomruhusu mgeni kukaa sana. Mama alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, na chai ikimwagika kwenye sahani. Fundi alianza kuhifadhi visa asubuhi ili awe navyo vya alasiri.

Tatizo lilikuwa begi.

Begi la safari la mama, kubwa, la buluu, lenye zipu iliyoshonewa upya, lilikaa chini ya kitanda chake likiwa limefungwa tayari. Hakuwahi kulifungua lote. Alikuwa anachomoa gauni moja, analifua, analikunja, analirudisha. Na alishasema waziwazi tangu wiki ya kwanza: "Daktari akiniambia nimepona, siku hiyo hiyo naondoka. Msinipe hotuba."

"Mwambie abaki," mke wa fundi alimnong'oneza mumewe jikoni.

"Nimwambieje? Yeye si mtoto."

"Si unafungua mdomo unasema? Mimi nimeshasema, akaniambia mimi ni mwanawe, lazima niseme hivyo. Wewe je?"

Fundi akakuna shingo. Huyu mtu anaweza kumsimulia mteja habari za springi mpaka mteja akasahau alichofuata, lakini maneno matatu ya moyoni yanamkwama kooni kama ule msumari. Kwa hiyo akafanya anachokijua. Alikuwa ameshamtengenezea mama kiti cha dirishani, kikubwa, chenye pa kunyooshea miguu, kiti bora kuliko vyote alivyowahi kuvitengeneza. Alipokipima alisinzia kabisa. Mama alikikalia, akashukuru, akazama. Ni kweli alizama, kilibaki kichwa na vidole vya miguu. Na bado begi lilikuwa chini ya kitanda. Ilibidi kiongezwe kitu.

Wazo lilikuja siku mama alipokuwa akitazama ua wa nyuma kupitia dirishani, ule ua mtupu wenye kamba ya kuanikia na rundo la mbao za makochi yaliyokufa.

"Nilikuwa na kuku kule," mama alisema, kama anayeongea na kioo. "Niliwagawa kabla sijaja. Nilijua sitaweza kuwaona."

Fundi aliweka kikombe chini. Macho yalimwaka.

"Mama," alisema, "wewe kaa tu. Usihangaike na chochote. Niachie mimi."

Kesho yake alianza kujenga banda. Mbao zilikuwepo. Mabati chakavu alipewa na kinyozi, ambaye alitaka tu ahakikishiwe kwamba hatua ya kwanza ya mradi haitakuwa kelele na hatua ya pili harufu.

"Umewahi kufuga kuku?" kinyozi akauliza, mikono kiunoni, kitana kimechomekwa kwenye nywele.

"Banda ni fanicha," fundi akajibu. "Ina miguu minne, ina mgongo, ina pa kukaa."

"Haya. Mimi nimekaa pale."

Fundi hakumuuliza mtu kitu. Mama hakumuuliza kwa sababu ilikuwa zawadi, na zawadi haiulizwi. Mkewe hakumuuliza kwa sababu ya kile kistuli. Alikwenda sokoni na futi yake ya kamba, akawaendea kuku wa watu kwenye matenga, akaanza kuwapima. Mmoja mmoja, kutoka kifuani hadi mkiani, wakiwa wamekaa.

"Mzee, unawashonea suti?" muuza kuku akamuuliza.

"Napima makalio."

Muuza kuku akasogeza tenga lake pembeni kidogo.

Banda lilipanda kwa kasi. Na kwa kweli lilikuwa zuri! Lilisimama juu ya miguu ya kochi iliyochongwa, na mlango wake ulikuwa na bawaba mbili. Pembeni lilikuwa na mikono, ile mikono ya mviringo ya kochi la sebuleni, ingawa hakuna kuku aliyewahi kuweka mkono mahali. Ndani, pale pa kulalia, aliweka ubao mpana, akaugundishia sponji nene, akauvisha velveti ya bluu iliyobaki kwenye oda ya hoteli, akaikaza na kuitia vifungo. Viota navyo vilikuwa visofa vidogo, kila kimoja na mgongo wake. Alikuwa amejikunja mle ndani, misumari mdomoni, akiimba puani.

Mama aliyaona yote kutoka dirishani. Alikuwa na jicho jipya na lilimtesa. Alipoona sponji inaingia mlangoni alifungua mdomo, akaufunga. Velveti ilipoingia aliuziba kwa mtandio. Kwake mgeni hapangii mwenye nyumba. Tena kila alipojaribu kuinuka, binti au mkwe alimrukia: kaa tu, mama. Basi akakaa.

Kuku walikuja siku ya mapumziko ya mke wa fundi, ndani ya tenga, vichwa vimechomoza wakishangaa dunia. Walikuwa mitetea wanaokaribia kutaga, wekundu, weusi na wa madoadoa, na mmoja mweupe mwenye shingo isiyo na unyoya hata mmoja, kama aliyepita kwa kinyozi na kutoka bila kumaliza. Huyo akaitwa Kishingo papo hapo. Jogoo alitolewa na kinyozi mwenyewe. Alikuwa na undu mkubwa, kile kilemba chekundu cha kichwani, ulioangukia jicho moja.

"Huyo nimemnyoa mwenyewe," kinyozi alisema. "Akiwika vibaya mrudishe, nitamrekebisha."

Mama aliwatazama kutoka kitini, akawakagua mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Kishingo akasonya. "Huyo mzembe. Tazama anavyosimama. Hatatagia mtu yeyote."

Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatoa, na fundi aliyapokea kama medali. Mama ameanza kuchagua kuku! Jioni waliwaingiza bandani. Fundi akafunga bawaba zote mbili, akasikiliza. Ndani kulikuwa na vishindo vidogo, kama watu wanaohamisha vyombo. Wanakaa vizuri, akajiambia.

Asubuhi mkewe alikwisha kwenda kazini fundi alipofungua mlango. Alidhani mvua ya mawe imenyesha ndani ya banda. Sakafu yote ilikuwa njano kwa chembe za sponji, kubwa kwa ndogo. Velveti ilikuwa imechanwa kama shati la mgomvi. Kifungo kimoja kilitokeza mdomoni mwa jogoo. Kumbe kuku akiona kifungo kinang'aa hawezi kukivumilia, anakidonoa tu, na kifungo kikitoka chini yake kuna sponji, na sponji ikivutwa inakuja, na ikija wenzake wanataka kujua anakula nini. Usiku kucha hakuna aliyelala. Ubao ulikuwa mpana na unateleza, wakawa wanapanda na kuanguka, wanapanda na kuanguka, na katikati ya kuanguka wanakula kitanda.

Wakatoka mbio. Wote isipokuwa Kishingo. Yeye alitoka akiyumba, mdomo wazi, na kwa kuwa shingo yake haina unyoya ungeweza kuona kila kitu: chini ya koo, kile kifuko cha chakula kilikuwa kimevimba kama mpira wa tenisi.

"Jamani! Jamani, anakufa!" fundi alipaza sauti. "Njooni! Kuku wa mama anakufa!"

Kinyozi alikuja kwanza, anakimbia, mkasi mkononi. Akamtazama Kishingo, akautazama mkasi.

"Jirani, tuwahi. Akifa mwenyewe hatutamla."

"Weka mkasi chini, wewe!"

Wote wawili waligeuka. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma. Alitokaje kwenye kiti kile hakuna aliyeona. Baadaye alisema alijibingirisha ubavu hadi sakafuni, akapiga magoti, akashika dirisha, akasimama, na kwamba mtu akitoka kisimani hufanya hivyo hivyo. Mtandio ulikuwa umemwanguka. Hakuuokota.

"Mkwe, lete mafuta ya kupikia. Kidogo, si ya kukaangia. Na wewe mwenye mkasi, mshike mabawa. Usimbane, mshike kama mtoto wa mtu."

Akaenda kwenye ngazi, pale penye mto, akausukuma mto ule pembeni kwa kiwiko ukang'oka pamoja na misumari yake, akakaa kwenye saruji. Akamtia Kishingo matone ya mafuta kooni. Kisha vidole vyake vikaanza kukikanda kile kifuko, polepole, kuzunguka, kama anayelainisha unga. Mama akamwinamisha kuku kichwa chini kidogo, akakanda kuelekea juu, na kitu cha njano kikatoka mdomoni. Kisha kingine, kirefu, kinang'aa kwa mafuta. Akamwinua apumue. Akarudia. Ilichukua muda hata kinyozi akaacha kusema, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kulishuhudia.

Mwishowe Kishingo alipiga chafya, akajikung'uta, akamwangalia kinyozi kwa chuki na kuondoka zake.

"Mkwe wangu," mama alisema, akijifuta vidole, "nikuulize. Umewahi kuona ndege mtini ametandikiwa godoro?"

Fundi akaokota kile kipande cha njano, akakigeuzageuza.

"Kuku anataka kushika. Akikaa, vidole vyake vinajifunga kwenye fito, ndiyo usingizi wake. Wewe umempa kitu cha kuteleza, tena kinachoficha utitiri, tena kinachoonekana kama uji mkavu. Unamtesa, baba."

"Nilitaka wakae vizuri, mama."

"Najua. Wewe ukimpenda mtu unamkalisha." Mama akapumua. Alikuwa ameshaanza, akaona amalize. "Na mimi umenikalisha. Nikishika ufagio, kaa tu mama. Nikishika kisu, kaa tu mama. Kile kiti ni kizuri, sijaona kiti kama kile, lakini kinanimeza. Magoti yangu yamesahau kazi. Nikitaka kwenda msalani mpaka niite mtu anivute! Ningekuwa kwangu, vumbi langu ningelifagia mwenyewe. Ndiyo maana begi langu liko tayari. Si kwa ubaya."

Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja, akaondoka bila kuaga.

Fundi Sponji aliliangalia banda lake, na mikono yake ya mviringo, na velveti. Halafu akamwangalia mama, aliyekaa kwenye saruji ngumu, miguu imetandazwa, mafuta mpaka kwenye kiwiko, uso umechangamka kuliko siku zote tangu afike. Ilimuuma, usidhani haikumuuma. Kiti kile alisinzia juu yake! Lakini yeye ni fundi, na fundi anajua sura ya mtu aliyefumbua macho ghafla.

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Fumua," akasema mama.

Siku zilizofuata ua ule ulikuwa na mtoa amri mmoja tu. Mama alisimama katikati na ufagio ambao haufagii, unaonyesha. Sponji yote nje. Velveti nje. Fito za mti ziwekwe, nene kiasi cha kushikika, kingo zake zipigwe msasa, na zipande kama ngazi, maana kuku wana vyeo na kila mmoja anataka ajue wa juu yake ni nani. Sakafu imwagwe maranda ya mbao, ambayo fundi alikuwa akiyachoma miaka yote kumbe ni mali. Viota viwe maboksi ya kawaida, yenye giza, kwa kuwa hakuna anayependa kutaga watu wakimtazama. Matundu ya hewa yawe juu, si usawa wa vichwa vyao.

"Tutajuaje ni usawa wa vichwa vyao?" fundi akauliza.

"Ingia ndani."

"Mimi?"

"Ingia, ujikunje, nikufungie. Useme upepo unaupata wapi."

Basi kinyozi alipochungulia ukutani aliona mama mkwe anazunguka banda akipepea kwa sinia, na sauti ya jirani yake ikitoka ndani: "Unanipata sikioni, mama! Bado uko sikioni!"

"Shikamoo, mama," kinyozi akasema. "Huyo anataga?"

"Marahaba. Bado. Tunampa muda."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Ndani ya banda nako kukaanza kutikisika, hadi bati likalia.

Siyo kwamba mama alipatia kila kitu. Alishikilia kwamba mlango wa banda uelekee jikoni ili awaone akiosha vyombo, maana sasa vyombo alivichukua yeye na hakuambilika. Matokeo yake kila mlango wa jikoni ukiachwa wazi jogoo aliingia, akapanda kigoda cha maua na kuwika kama amealikwa. Binti yake alilalamika. Mama alisema ni mwanzo tu, atazoea. Binti akauliza nani atazoea, jogoo au yeye.

Kuku wakaanza kutaga. Ukitaka kuona mtu mzima anakuwa mtoto, mtazame fundi wa makochi ameshika yai la kwanza la moto kwenye kiganja, anazunguka nalo mtaa mzima kuonyesha, mpaka kwa mwalimu mkuu. Asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alichota maji, akawafungulia kuku, akaketi kwenye ngazi, ambayo sasa ilikuwa saruji tupu, kuwatazama wakiparua ardhi, na mama akizunguka katikati yao na ufagio wake. Hapendi kukubali, lakini ilikuwa mara ya kwanza anaona mtu anayefurahi kwa kusimama.

Ila siku ya kliniki ya mwisho ilikuwa inakaribia, na juu ya begi hakuna aliyesema neno. Kila alipopita ukumbini, mlango wa chumba cha mama ukiwa nusu wazi, fundi aliona ule mkono wa begi umejitokeza chini ya kitanda. Halafu mlango ukaanza kufungwa. Mchana kutwa, umefungwa. Anamalizia kupanga, akawaza, na chai ya alasiri ikamwia chungu.

Kana kwamba hayo hayatoshi, Kishingo akapotea. Fundi alitafuta chini ya mbao, nyuma ya tangi, juu ya paa la kinyozi. Wapi! Akaogopa kumwambia mama. Akamwambia.

"Atakuwepo tu," mama akasema, akikamua kitambaa cha vyombo. Hata hakugeuka.

Hapo fundi alikata tamaa. Mtu aliyejitoa jasho kumwokoa kuku, leo kuku hayupo na yeye hajali? Moyo wake umeshapanda gari.

Siku ya kliniki mama na binti yake walitoka asubuhi. Fundi alishona mkono wa kochi upande usio wake, akaufumua, akaushona tena pale pale. Waliporudi, mkewe aliingia kwanza.

"Vipi?"

"Limepona kabisa. Daktari amemwachia, harudi tena." Mkewe alisema hivyo akimtazama mumewe usoni, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa.

Mama alikuwa bado mlangoni anavua viatu. Fundi akapiga moyo konde. Kama ni kuondoka, begi atalibeba yeye, tena upesi, kabla uso haujamsaliti. Akaenda moja kwa moja hadi chumbani, akasukuma mlango, akapiga magoti, akashika ule mkono wa begi akalivuta.

Begi likanguruma, kisha likamdonoa mkono.

"Mama yangu!" Fundi akarudi nyuma akakalia kitako, mkono kifuani. Zipu ilikuwa wazi. Ndani, juu ya maranda na gazeti, alikaa Kishingo, amejitanua kama mkate ulioumuka, shingo yake nyekundu imenyooka kwa hasira. Akamdonoa tena, safari hii kwenye kidole gumba, kwa kituo.

Mama alifika mlangoni akikimbia pekupeku. "Umeshika nini wewe? Mrudishe gizani! Ana mayai kumi na kitu chini yake, yanakaribia!"

"Nilikuwa… begi lako, mama. Nilidhani unasafiri."

"Nani kakwambia nasafiri?"

"Wewe mwenyewe ulisema. Daktari akikuachia."

"Daktari anaangalia jicho. Haangalii kuku." Mama akainama, akalisukuma begi chini ya kitanda taratibu kama anayesukuma kitanda cha mtoto. "Wenzake walikuwa wanamsumbua kule bandani, wanamwingilia kioteni. Nikatafuta mahali penye giza. Nguo zangu ziko kabatini tangu muda huo. Hamkuona siku ile kamba yote ya uani imejaa magauni yangu?"

"Mama!" binti yake alikuwa amefika. "Kuku chumbani? Chini ya kitanda?"

"Na wewe usinipigie kelele, utamstua. Nilisema huyu mzembe, nikakosea, sasa lazima nimtendee haki."

Fundi alikuwa bado sakafuni, ananyonya kidole. Kilimwuma, na ndicho kilichomsaidia, kwa sababu mtu mwenye maumivu anaweza kulowa macho bila kuulizwa.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa nataka ubaki. Tangu mwanzo."

"Najua." Mama akamtazama kwa macho yote mawili. "Ungesema siku ile ile, ungeokoa sponji."

Vifaranga walitoka siku ya manyunyu, wamelowa kwanza, halafu wakakauka na kuwa vipira vya njano na vyeusi. Begi likafungwa upande mmoja wa zipu na kubaki wazi upande wa pili, Kishingo akawa anaingia na kutoka kama mwenye hoteli. Baada ya siku chache walihamishiwa kwenye boksi la mbao kando ya jiko, na kila aliyepita alisimama. Kinyozi alileta wateja wakiwa wamenyolewa nusu. Kile kiti cha dirishani kilifupishwa miguu, kikatolewa springi, kikatiwa ubao, na sasa mama anakitumia kupandia anapofikia matundu ya juu ya banda.

Jioni moja, mama akiwa anapepeta mchele, mgongo umeelekea boksi, fundi alikuja kuwachungulia vifaranga. Waliparua ule ubao mtupu kwa vijiguu vyao vyembamba. Ubao ule ulikuwa mgumu, mgumu kabisa. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Mkono wake ukaingia mfukoni taratibu, ukatoka na kipande kidogo, kidogo sana, cha sponji.

"Thubutu," mama akasema, bila kugeuka.